MANENO YA KUNUNUA: MIAKA YETU NA WAANDISHI WA KUKODI

(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati ya biashara kwa niaba ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Mbinga)



Awali ya yote tunaishukuru kamati ya maadhimisho kwa kutupa nafasi hii. Wengi mlitegemea tutazungumza habari za hisa na marejesho. Hayo mtayasoma katika taarifa ya mweka hazina, tena kwa hesabu. Sisi tumepewa jambo ambalo halimo katika taarifa yo yote, nalo nusura livunje kikundi mwaka wetu wa nne: habari ya kumlipa mtu atuandikie.

Kuna watakaocheka. Kuandika nako kunalipiwa? Lakini jamani, hapa kwetu watu wameandikiwa siku zote. Wazee wanamkumbuka mwalimu wa kijiji aliyekaa barazani akiwaandikia watu barua za kwenda kwa watoto wao waliokuwa kazini mbali, na wanamkumbuka mpiga chapa wa mjini, kila ukurasa na bei yake. Tofauti ni kwamba mwalimu yule aliandika barua kwa mtu mmoja anayejulikana. Huyu wa leo anaandika maneno yatakayosomwa na watu tusiowajua, nao watatoa fedha kwa sababu ya maneno hayo.

Biashara yetu mnaijua. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa linalala na mifuko yetu inalala. Wenzetu wa ziwani hununua ufukweni kwa ndoo, huanika, kisha mzigo hupanda Mbinga. Gari likirudi hubeba maharage, mahindi na kahawa ya kusaga ya huku juu. Zamani safari hiyo wakati wa masika ilikuwa ni kulala njiani. Tangu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay iwekwe lami, mzigo wa asubuhi unafika Songea kabla jua halijazama. Basi tukaanza kupeleka madukani. Mwenye duka mmoja akatuambia, "Mama zangu, mzigo wenu ni mzuri, lakini hauna jina wala maneno. Mteja atajuaje?"

Ndipo tukamtafuta mwandishi. Mpwa wa mwanachama mmoja alituunganisha na kijana wa mjini aliyekuwa akiandika kwa kujitegemea, yaani hana mwajiri, anamfanyia kazi ye yote anayemlipa. Tulikubaliana kwa simu. Atuandikie lebo, kipeperushi na tangazo la redio, kwa shilingi 150,000. Tukalipa zote kwa mkupuo. Na hapa tuliweke wazi jambo lililonong'onwa muda mrefu: nusu ya fedha hiyo ilitoka katika mfuko wa jamii, ambao kwa katiba yetu ni wa ugonjwa na misiba. Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna aliyeuliza mkutano pia.

Kazi ilirudi baada ya siku tisa. Kwa kuangalia, ilikuwa nzuri sana. Kwa haraka yetu, lebo 500 zilichapwa kabla hata mkutano haujakaa. Mkutano ulipokaa, kipeperushi kikasomwa kwa sauti. Kilisema usipa wetu unatibu presha na kisukari. Kilisema tena kwamba sisi ni wanawake maskini tusiojua kusoma wala kuandika, tuliokuwa tumekata tamaa.

Kukawa kimya. Bibi yetu mmoja, ambaye alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970, akanyanyuka, akaomba karatasi. Akaisoma tangu juu hadi chini, bila miwani. Halafu akauliza, "Kama sijui kusoma, hii nimeisomaje?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akairudisha karatasi mezani, akakaa.

Tusidanganyane kwamba wote tulikuwa upande wake. Wapo waliosema kiachwe hivyo hivyo, kwa sababu wafadhili wanapenda kusikia habari za shida, na shida inaleta msaada. Si hoja ya kipuuzi hiyo; sote tumewahi kupigwa picha tukiwa tumevaa nguo za shambani wakati za kanisani zimo sandukuni. Tulibishana mpaka giza likaingia. Kura zikawa 17 za kukikataa na 11 za kukikubali. Wanachama wawili waliondoka wiki ile. Mmoja amerudi, yupo hapa nasi leo, na tunamkaribisha tena.

Kumbe lililo kubwa zaidi lilikuwa kwenye lebo. Katoni moja ilikwisha kwenda Songea. Mwenye duka akapiga simu: "Mama, hii alama ya TBS, leseni yake mnayo?" Hatukuwa nayo. Hatukujua hata kama inahitaji leseni. Ndugu zangu, alama ile si pambo. Ni mali ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, na hutolewa baada ya bidhaa kukaguliwa na kupimwa. Kuibandika bila ruhusa ni kosa la kisheria. Aidha, tangu mwaka 2019 habari za usalama wa chakula zilizokuwa chini ya TFDA zimehamia huko huko TBS, na mjasiriamali mdogo kama sisi huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho. Tulikwenda Songea kukusanya pakiti moja moja, na lebo zote tukazichoma nyuma ya ofisi ya kijiji.

Kuhusu kutibu magonjwa, mwongozo wa kimataifa wa vyakula uitwao Codex, tangu mwaka 1979, haukubali kudai kwamba chakula kinatibu ugonjwa. Lakini hata bila mwongozo, hebu fikiria mama mwenye kisukari anaacha dawa zake kwa sababu ya pakiti yetu ya usipa.

Kwa muda mrefu lawama zote tulimtupia yule kijana. Leo tunataka kuwa wakweli. Tulimpa nini? Maongezi ya simu mara moja na picha ya usipa. Tukamwambia, "Andika vizuri, ivutie." Mwenzetu mmoja alimwambia aweke kila kitu wanachoweka wengine, naye akaweka, hata alama. Alituma maswali mara tatu. Katibu alikuwa msibani, na sisi wengine tuliona ni usumbufu. Habari ya kutibu magonjwa ilikuwa kosa lake, na ile ya kutuita wajinga pia. Alama ya TBS ilikuwa kosa letu.

Ilipita miaka miwili hatutaki kusikia habari za mwandishi. Mwaka wa sita tukampata mwingine, mama aliyewahi kufanya kazi gazetini, sasa anajitegemea. Bei yake ilikuwa shilingi 280,000 na nauli juu. Tuliguna. Akasema jambo la ajabu: hawezi kuanza kuandika kabla hajafika. Akaja, akashinda siku moja Mbamba Bay kwenye chanja na siku ya pili Maguu kwenye kahawa. Hakuandika cho chote siku zile mbili ila majibu yetu. Nani ananunua? Ananunua lini? Anapika na nini? Kisha akauliza swali ambalo hatujawahi kujiuliza: mnunuzi wenu anaogopa nini?

Sote tukajibu pamoja: mchanga! Nani hapa hajatafuna usipa ukasikia kokoto kwenye meno? Akaandika maneno sita: "Umeanikwa juu ya chanja. Hauna mchanga." Tukapiga vigelegele. Lakini yeye hakufunga daftari. Akauliza, "Ni kweli? Wote? Kila siku?"

Wenzetu wa ziwani wakatazamana. Mmoja akasema ukweli, na tunamheshimu kwa hilo. Siku samaki wakijaa chanja hazitoshi, na unaobaki huanikwa mchangani. Mwandishi akasema, "Basi dada zangu, siwezi kuandika hivyo. Ongezeni chanja au tutafute maneno mengine." Tulichagua chanja. Ilituchukua miezi mitatu ya kukata miti, kununua nyavu za kutandika na kuchangishana. Lebo ilisubiri. Tulikuwa tumemlipa mtu atuandikie maneno, akatufanya tujenge. Wengine walinung'unika kwamba hiyo si kazi yake. Labda si kazi yake kweli, lakini duka lile la kwanza la Songea, lililotupigia simu kwa ubaya, ndilo lilirudi kutununulia.

Kwa upande wa kahawa alituachia neno letu, ngoro. Sisi tulitaka aliondoe, tukaona ni la kishamba. Akasema hilo ndilo mtu wa mbali atakalouliza. Akaeleza kwenye pakiti kwa mistari minne: nyasi hulazwa kwa miraba juu ya mteremko, hufunikwa kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati hushika maji ya mvua yasiondoke na shamba. Babu zetu Wamatengo walilima hivyo, na maharage yetu yanalimwa hivyo mpaka leo, kwenye milima ile ile yenye kahawa. Wateja wanauliza kweli.

Sasa habari ya mkataba, maana tunaombwa sana na vikundi jirani. Wetu ni ukurasa mmoja tu. Unataja kazi ni zipi na zitakwisha lini. Malipo ni mafungu matatu: kuanza, kuona rasimu, na kupokea kazi iliyokamilika. Masahihisho ni mara mbili. Tukitaka ya tatu tunaongeza fedha. Masahihisho hayo hupelekwa na mtu mmoja tu, kwa sababu zamani kila mwanachama alipiga simu yake, huyu anataka picha ya mtumbwi, huyu hataki. Maneno yanakuwa mali yetu siku fungu la mwisho linapolipwa. Na mambo ya hakika, kama uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi, anuani na vibali, tunayaandika sisi na kuyawekea sahihi. Mwandishi hayabuni.

Mkataba ulikuwa mzuri. Sisi ndio tuliouvunja. Fungu la tatu tulilichelewesha miezi minne, fedha zikiwa zimekopeshwa. Kila mwisho wa mwezi simu ililia: "Shikamoo mama. Nakumbushia tu." Hakutukana, hakutishia. Mtu wa kujitegemea hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Siku asiyo na kazi halipwi na mtu. Sisi tunaokaa na njaa wakati wa mwezi mkubwa ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko watu wote. Tulimlipa, tukamwongezea kilo tano za usipa, na bado tunaona aibu.

Tangazo la redio tuligombana nalo kidogo. Sisi tulitaka majina ya viongozi wote yatajwe. Redio huuza sekunde. Alitupa saa, akasema tusome wenyewe. Sekunde thelathini zikaisha tukiwa bado kwa makamu mwenyekiti. Ujumbe wa simu ndio hivyo hivyo: herufi 160, ukizidisha unalipia ujumbe wa pili.

Kuna wale wanaojitokeza kuandika maandiko ya mikopo ya halmashauri. Mikopo hiyo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani iliingizwa katika sheria mwaka 2018, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Iliporudi, tulifuatwa na mtu aliyetaka kutuandikia kwa sharti la kukatiwa sehemu ya mkopo ukitoka. Tulikataa. Mkopo ni deni. Ukikata sehemu yake kumpa mwandishi, deni linabaki zima na fedha imepungua. Andiko lile tuliliandika wenyewe kwa juma zima, kila mtu akisema anachokijua, na yule mama akalinyoosha tu kwa bei tuliyokubaliana kabla. Mbele ya kamati hakuna aliyebabaika, kwa sababu yalikuwa maneno yetu.

Vijana wetu wanatuuliza mbona simu siku hizi zinaandika zenyewe, bure. Tulijaribu. Ilituandikia usipa wa pwani chini ya minazi, na upepo wa Bahari ya Hindi. Labda zitajifunza. Kwa sasa bado hazijaja kuuliza kama chanja zinatosha.

Hatujatajirika. Kuna miezi lebo zinabaki na usipa haupo. Lakini ile shilingi 75,000 ya mfuko wa jamii ilirudishwa mwaka wa saba, imeandikwa kwenye daftari, ukurasa mtaonyeshwa na mweka hazina. Na tangu siku ya kipeperushi kile, hakuna karatasi ya kikundi inayotoka kabla ya yule bibi kuisoma kwa sauti. Hata mazungumzo haya ameyasoma jana jioni. Aliagiza tuondoe kifungu kimoja kilichomsifu mno, nasi tumekiondoa.