Waliovuka Hadi Kisiwani: Seli za Kinga, Kasi ya Uvimbe na Maisha ya Mgonjwa wa Saratani ya Ovari



Mhadhara wa kiprofesa kwa desturi huanza kwa shukrani. Wangu unaanza kwa ugomvi, na ninaomba radhi mapema kwa niliyegombana naye, maana nimemwona ameketi safu ya tatu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikao cha kujadili wagonjwa wa saratani, nilisoma ripoti yangu ya patholojia juu ya mama mmoja mwenye saratani ya ovari iliyokwisha kusambaa tumboni. Nilitaja aina yake na daraja lake, kisha nikaongeza sentensi moja: kwamba ndani ya uvimbe mlikuwa na limfosaiti nyingi, yaani seli za kinga. Mkubwa wangu huyu wa safu ya tatu, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake naiheshimu mno, aliweka kalamu mezani akasema, "Ndugu yangu, hayo unayohesabu ni mapambo ya hadubini. Uvimbe ukitoka wote, mgonjwa anaishi. Ukibaki, hesabu zako hazimfai kitu." Watu walicheka. Nami nilicheka, mpaka nilipofika nyumbani.

Jioni hii namjibu. Mengine nitayapita mbio. Habari za Ehrlich na Burnet, na ile dhana kwamba kinga ya mwili hupiga doria dhidi ya saratani, wenzangu mnazijua. Wasio wa fani yetu watosheke na haya: tumbo ni pana na lina uvumilivu, kwa hiyo saratani ya ovari hugunduliwa ikiwa imechelewa. Hata jaribio kubwa la Uingereza, lililowafuata wanawake zaidi ya 200,000, lilipotoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2021, lilionyesha kuwa kuwachunguza wasio na dalili kwa kipimo cha damu cha CA-125 na altrasaundi hakukupunguza vifo. Basi mgonjwa hutufikia uvimbe ukiwa umeenea, hupasuliwa, hupewa dawa za platini, kisha familia huuliza swali lilelile: ana muda gani?

Hoja ya kisu si hoja ya kupuuzwa. Mwaka 1975 C. Thomas Griffiths wa Boston alionyesha kuwa wanawake waliobakiwa na mabaki madogo baada ya upasuaji waliishi zaidi ya waliobakiwa na makubwa. Mpaka wake ulikuwa sm 1.5. Mwaka 2002 Robert Bristow na wenzake wakaunganisha tafiti zilizohusu wagonjwa 6,885, wakaona kwamba kila sehemu ya wagonjwa waliopunguziwa uvimbe kwa kiwango cha juu ilipoongezeka kwa asilimia 10, muda wa kuishi wa kundi zima uliongezeka kwa asilimia 5.5. Kwa takwimu hizi mkubwa wangu hulala usingizi mnono.

Mimi hazinilazi. Hapajawahi kuwapo, wala kwa ubinadamu hapawezi kuwapo, jaribio la kuwagawa wanawake kwa kura, hawa watolewe uvimbe wote na wale waachiwe kwa makusudi. Tunachokijua ni kwamba waliotolewa wote waliishi zaidi. Je, ni kwa sababu ya mkono wa daktari, au ni kwa sababu uvimbe uliokubali kutoka wote ulikuwa tangu mwanzo uvimbe wa tabia nyingine? Mkulima anayelisifu jembe lake hana budi kutuambia kwanza alilima udongo gani. Mkubwa wangu hupenda kunikumbusha kuwa seli zangu ni dalili tu, si sababu. Dalili ya mvua ni mawingu, nakubali. Lakini sentimita zake nazo ni mawingu. Tofauti ni kwamba mawingu yake huyaona kwa macho makavu, na yangu yanahitaji hadubini.

Nafika sasa kwenye makala ninayoipenda. Wanafunzi wangu wanaijua nakala yangu: imechakaa mikunjo na ina doa la chai juu ya mchoro wa pili. Ilitoka Januari 2003 katika New England Journal of Medicine, ikiandikwa na Lin Zhang, George Coukos na wenzao. Walichukua sampuli 186 za saratani ya ovari iliyofikia hatua za juu, zilizohifadhiwa kwa kugandishwa, wakazipaka kingamwili inayotambua seli T, aina mojawapo ya limfosaiti.

Tazameni walivyotazama, kwa maana uzuri wa kazi hii uko hapo. Seli za saratani ya ovari hujikusanya katika mafungu, na mafungu hayo yamezungukwa na tishu za kawaida kama visiwa vilivyozungukwa na maji. Aliyehesabu seli za kinga bila kuuliza ziko wapi alichanganya abiria walioshuka na waliobaki wakielea nje ya bandari. Wao waliuliza: ni zipi zilizovuka hadi kisiwani? Kati ya sampuli 174 zilizosomeka, 102 zilikuwa na seli T ndani ya visiwa. 72 hazikuwa nazo. Baada ya miaka mitano, katika kundi la kwanza asilimia 38 walikuwa hai. Katika kundi la pili, asilimia 4.5.

Kama yangekuwa hayo tu, mkubwa wangu angesema kundi la kwanza lilipasuliwa vizuri zaidi. Lakini waandishi walimjibu hata kabla hajauliza. Waliwachambua peke yao wanawake 74 ambao, baada ya upasuaji na dawa za platini, hawakuonekana tena na dalili yoyote ya ugonjwa. Kwa wote hao, kisu na dawa vilifanya kazi yake. Hata hivyo, wenye seli T ndani ya uvimbe walifika miaka mitano kwa asilimia 73.9, wasio nazo, kwa asilimia 11.9. Nimewasomea wanafunzi wangu takwimu hizi mbili kila mwaka, na kila mwaka nasita kidogo kabla ya kusoma ile ya pili.

Anayependa lazima apime. Utafiti mmoja hupendeza kuliko ukweli, na ukubwa wa pengo lile ulinitia shaka. Mwaka 2017 muungano wa watafiti wa nchi nyingi ulitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 5,500. Kwa saratani ya serasi ya daraja la juu, ambayo ndiyo inayoua wengi, waliangalia seli T zenye alama ya CD8, zile zinazoua. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya kundi waliuvuka, ulikuwa miaka 2.8 kwa wasio na seli hizo kabisa, 3.0 kwa wenye chache, 3.8 kwa wenye kiasi, na 5.1 kwa wenye nyingi. Pengo limepungua, lakini ngazi imesimama, na kila kidato kiko juu ya kilichotangulia. Mapambo hayapangiki hivyo.

Vilevile si kila aliyeshuka kisiwani ni rafiki. Mwaka 2004 Tyler Curiel, Weiping Zou na wenzao walionyesha kuwa uvimbe wa ovari huita kwake seli T za kudhibiti, ambazo huwatuliza wapiganaji, na kwamba zikizidi, mgonjwa huishi muda mfupi zaidi. Mwaka uliofuata Sato, Odunsi na wenzao walipima uwiano wa wauaji kwa wadhibiti katika wagonjwa 117: uwiano ulipokuwa mkubwa, muda wa kati ulikuwa miezi 58, ulipokuwa mdogo, miezi 23.

Sasa kasi ya uvimbe. Hapa watu wengi hujikwaa, nami nilijikwaa. Akili ya kawaida husema uvimbe unaokua haraka huua haraka. Mwaka 2009 Sarah Adams, Coukos na wenzao walipima pamoja vitu viwili: seli za CD8 ndani ya visiwa, na alama ya Ki-67, inayoonekana katika seli iliyo mbioni kugawanyika. Waliofaidika na upasuaji wa kina walikuwa hasa wale ambao uvimbe wao ulikuwa na seli nyingi za kinga na uligawanyika kwa kasi. Pale ambapo seli za kinga zilikuwa chache au kasi ilikuwa ndogo, ukamilifu wa upasuaji haukuleta tofauti ya kujivunia. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: platini huharibu DNA, na seli inayokimbilia kugawanyika ndiyo inayonaswa, inayojikunyata hungoja dawa ipite.

Mkubwa wangu, hebu tulia hapo kidogo. Kisu chako kinafaa, lakini nani kinamfaa zaidi, hilo liliandikwa kwenye slaidi yangu.

Ana risasi moja iliyobaki, nami naijua. Kama seli za kinga ni muhimu hivyo, kwa nini dawa za kuziamsha hazijaiponya saratani hii? Ni kweli. Avelumab ilijaribiwa pamoja na tibakemikali katika jaribio la JAVELIN Ovarian 100, atezolizumab katika IMagyn050, na hakuna lililofikia lengo lake. Nakubali bila kupepesa: kutabiri si kutibu. Lakini mtabiri wa hali ya hewa haambiwi mwongo kwa kuwa hawezi kuinyesha mvua.

Mnipe dakika moja ya mambo ya nyumbani. Siku moja mama wa makamo alifika maabara na kapu la machungwa ya Muheza. Sisi wa patholojia hatuna wagonjwa. Tuna vipande vya nta na namba. Akauliza, "Wewe ndiye uliyenisoma?" Alikuwa amepasuliwa miaka tisa kabla ya siku hiyo, na ndugu zake walikuwa wameambiwa wajiandae. Alipoondoka nikaitafuta slaidi yake kabatini. Visiwa vilijaa limfosaiti kama soko la Jumamosi. Najua, mtu mmoja si ushahidi. Ningemfelisha mwanafunzi aliyeniletea hoja hiyo. Lakini machungwa niliyala.

Imani yangu, basi, ni hii: kila ripoti ya saratani ya ovari inayotoka kwetu iwe na mstari mmoja unaosema limfosaiti zimevuka kisiwani au la. Wenzangu wananiambia kuwa kwa rangi zetu za kawaida, hematoksilini na eosini, siwezi kumtofautisha muuaji na mdhibiti. Wana haki. Wanasema tungoje kingamwili za CD8 zipatikane kila mahali. Nasema tusingoje. William MacCarty wa Mayo Clinic, mwaka 1922, alichambua wagonjwa 293 wa saratani kwa hadubini na rangi za wakati wake, akazitaja limfosaiti miongoni mwa mambo yanayorefusha maisha, miongo kadhaa kabla ya seli T kupewa jina. Hesabu isiyo kamili inayoandikwa leo ina faida kuliko hesabu kamili isiyoandikwa kamwe.

Nami nilimpa mkubwa wangu sharti. Fomu zinazotufikia na vipande mara nyingi huwa na namba na neno "uvimbe" tu. Nilimwambia: andika ulichokiacha tumboni, nami nitaandika nilichokikuta kisiwani, miaka kumi ijayo vijana hawa watatuamulia. Hakujibu. Wiki iliyopita ililetwa ndoo ya fomalini kutoka chumba chake cha upasuaji. Chini ya fomu, kwa mwandiko wake ule usiosomeka, palikuwa na maneno haya: "Mabaki: sm 0. Haya, hesabu."

Nimehesabu. Matokeo yamo bahashani, mfukoni mwangu, na nitamkabidhi mlangoni.