Jeraha Lililo Chini ya Kifaa
(Hotuba kwa wanachama wauguzi wa Meru na Embu)



Sisi wauguzi twavijua sana vidonda vya kulala. Tangu chuoni tulifundishwa kumgeuza mgonjwa na kutazama matako, nyonga na visigino. Lakini kuna jeraha jingine tusiloliangalia vya kutosha, nalo ni lile linaloletwa na kifaa tulichomfungia mgonjwa ili apone.

Tukumbuke kijana mmoja tuliyempokea, aliyeanguka kutoka mti wa miraa akavunjika mguu. Alifungwa plasta. Siku ya pili alilalamika kwamba kisigino chamchoma. Tukamwambia, "Vumilia, mfupa unaunga." Siku ya tano tukasikia harufu. Plasta ilipokatwa, kisigino kilikuwa kimeoza. Mfupa uliunga vizuri, lakini kisigino kilimweka kitandani majuma mengi. Mgonjwa alisema, nasi hatukusikia.

Wala si plasta peke yake. Mpira wa oksijeni hukata nyuma ya masikio. Barakoa hugandamiza mfupa wa pua. Mpira wa kulishia huchubua tundu la pua, na mpira wa mkojo huumiza paja ukilaliwa. Kola ya shingo huumiza kidevu na kisogo.

Tena ngozi yetu ni nyeusi. Vitabu vingi vyasema tutafute wekundu, na kwetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Basi tutumie mkono: je, mahali hapo pana joto, ubaridi au ugumu kuliko ngozi ya jirani? Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani waliacha jina la "kidonda" wakasema "jeraha", kwa kuwa nyama yaweza kuumia kabla ngozi haijapasuka.

Kwa hiyo tukubaliane hivi:

1. Kila zamu tutazame chini ya kila kifaa kinachoweza kuinuliwa, na mgonjwa aliyevimba tumtazame mara nyingi zaidi.

2. Mpira usikae mahali pamoja siku zote, tuusogeze.

3. Mwenye plasta akisema pachoma, aitwe daktari au fundi wa plasta saa ile ile.

4. Tuandike tulichokiona.

Tukiandika tutakuwa na ushahidi mbele ya serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia hospitali zetu za umma. Muuguzi mmoja kwa wodi nzima usiku hawezi kuinua kila barakoa. Tudai wauguzi waongezwe, na vifaa vyenye kipimo kinachomfaa mgonjwa. Lakini kugusa ngozi hakungoji barua ya mtu. Tuanze zamu ya leo.

Umoja ni nguvu.