Mama na Daftari la Wageni

Hotuba ya watoto wa marehemu katika harambee ya mwaka ya chama chetu, Dar es Salaam



Kwanza tuwashukuru kwa msiba. Mlijaza basi zima kutoka hapa hadi nyumbani, na wengine mlilala nje siku nne kwa baridi ile mnayoijua. Hatuna cha kuwalipa. Suala la kulipana tutalirudia baadaye kidogo, msiondoke.

Mama alizaliwa mwaka 1944, au karibu na hapo. Cheti hakikuwepo, mwaka huo tuliupata kwa kuhesabu kutoka kwa mdogo wake aliyebatizwa. Aliolewa mwaka 1963. Baba aliingia jeshini mwaka 1965, Jeshi la Wananchi likiwa bado changa, na tangu hapo maisha ya mama yakawa ya sanduku la bati. Lugalo, Nachingwea, Tabora. Kila uhamisho ulimkuta ana bustani ya mchicha ndiyo kwanza imeanza kuvunwa. Wake wa wanajeshi mlio hapa mnajua: mchicha unauachia jirani, mbegu unabeba.

Kutoka nyumbani ilikuwa basi hadi Musoma, meli hadi Mwanza, halafu treni. Mwaka 1971, akirudi Lugalo, alijifungulia ndani ya behewa, treni ikiwa imeshapita Itigi. Alizalishwa na mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa akienda Dodoma, na hawakuonana tena. Mtoto huyo ni huyu ndugu yetu aliyekaa pale nyuma. Nyumbani tunamwita Behewa hadi leo, ingawa ana wajukuu.

Aliyemtangulia Behewa hakuipata bahati hiyo. Mwaka 1969 mama alikuwa nyumbani kwa ajili ya kilimo. Uchungu ulimshika usiku, wanaume wakambeba kwa kitanda kuelekea hospitali, mvua inanyesha. Mtoto alifia njiani. Habari hiyo mama alitusimulia mara moja tu, akipeta ulezi, na hakuinua uso. Alizaa watoto 7. Tuko 6.

Sasa daftari. Nyumba yetu ya kota ilikuwa na vyumba viwili, na kijana yeyote wa kwetu aliyekuja mjini kutafuta kazi, au mgonjwa aliyeletwa kutibiwa, alifikia kwetu. Kila mgeni wa kambini lazima aandikwe getini. Wageni wa mama walikuwa wengi hata walinzi wakalalamika, na baba akaitwa kuulizwa hawa wote ni nani. Siku ile mama akanunua daftari lake mwenyewe. Aliandika jina, ametoka kwa nani, amekuja kwa shida gani, amelala siku ngapi. Pembeni aliandika nauli aliyompa ya kurudia. Alisoma hadi darasa la nne tu, lakini mwandiko wake unatuaibisha sisi tuliosomeshwa.

Mwandiko huo ulifanya kazi nyingine wakati wa vita. Tulikuwa Tabora majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, mwishoni mwa Oktoba 1978. Baba na wenzake waliondoka usiku. Kwenye safu yetu ya kota walibaki wanawake na watoto, na redio moja inayofanya kazi. Wasiojua kusoma walimletea mama barua zao. Aliwasomea na kuwaandikia majibu, na sisi tulifukuzwa nje kwa sababu ya yale waliyotaka waume zao waambiwe. Siku moja jirani hakuletewa barua, aliletewa maofisa. Mama alimsindikiza hadi kwao kwa treni, akakaa naye wiki mbili, sisi tukilelewa na kota nzima. Kampala ilipotekwa, Aprili 11, 1979, watu walicheza ngoma hadi usiku. Mama hakutoka ndani. Barua ya baba ya mwisho ilikuwa ya Februari.

Baba alirudi mzima, tukashukuru. Lakini, kama mama alivyosema, mwili ulitangulia kurudi, usingizi ulibaki njiani. Alikuwa akiamka usiku na kuketi mlangoni bila kuwasha taa. Mama naye aliamka, akaketi karibu yake, akamenya karanga gizani. Hakumuuliza kitu. Tulidhani wazazi wetu wanapenda karanga tu. Hali hiyo ilichukua miaka.

Baba alistaafu mwaka 1986 na akafariki mwaka 1998. Habari za mama kufuatilia mafao ya mjane, faili likiwa ndani ya mfuko wa rambo, ofisi hii hadi ile, leo tunaziruka. Alizipata. Tofali za kwanza za wodi ya wazazi, inayojengwa kwenye zahanati yetu, zilitoka humo.

Tulipopanga vitu vyake tulilikuta daftari likiwa na majina 214. Wengine walikwishatangulia. Wengine tunawaona humu ukumbini, wamevaa suti. Nauli nyingi pembeni zimekatwa mstari kuonyesha zimelipwa. Nyingine hazijakatwa.

Tunaona watu wanaangaliana. Msiogope. Mwaka wake wa mwisho tulimuuliza mama kuhusu madeni hayo, akajibu: "Msimdai mtu. Anayekumbuka mwenyewe, aende akaezeke wodi." Kwa hiyo hatutasoma jina lolote. Shilingi 60 ya wakati ule kila mmoja aipigie hesabu mwenyewe.

Ukuta wa wodi umefika kwenye linta. Kamati inasema zinatakiwa bati 180 na mbao zake. Sisi watoto 6 tumeleta fedha za bati 60, kumi kwa kila mmoja, na Behewa ameongeza kitanda cha kujifungulia.

Daftari liko mezani kwa Mweka Hazina kwa atakayependa kujitafuta. Kurasa za mwanzo zimechakaa sana, tafadhali zifunueni polepole.