Vidonge vya Usingizi na Zamu ya Usiku

Leo twataka kusema nanyi juu ya vidonge vya usingizi, mfano Valium, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963.

Sisi tulindao maduka ya mjini usiku twarudi Kawangware na Kangemi asubuhi. Mabati yamepata moto, redio ya jirani yalia, nani atalala? Basi mtu hutafuta kidonge, hata bila cheti cha daktari. Siku za kwanza hulala fofofo. Baada ya majuma machache mwili umezoea, kimoja hakitoshi. Akikosa, moyo humdunda hata kabla hajajilaza, kwa hofu tu ya kutolala. Hofu hiyo ndiyo kamba yenyewe. Manyapara husema ni uvivu. Si kweli hata kidogo.

Lakini aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafula! Aweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa. Apunguze polepole, kwa shauri la daktari. Wala asichanganye na pombe. Pumzi huweza kukatika.

Kwa matajiri twadai zamu zisigeuzwe kila juma, maana mwili hauwahi kuzijua. Barua imekwisha andikwa. Atakaye kutia sahihi amwone karani wa tawi.