Jicho Litokalo Nje: Sababu Zake na Matibabu Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bukoba)



Kamati ilituomba tuseme juu ya maradhi ya macho. Tumechagua jambo moja tu, kwani mtu asemaye yote kwa saa moja huwaacha wasikilizaji wake hawakushika hata neno. Tutasema juu ya jicho lisukumwalo kutoka nyuma hata likatokeza nje ya mahali pake, mara nyingi pamoja na maumivu. Sisi si waganga. Sisi ni watu wa kalamu, na haya tumeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye kazi yao. Walakini tumeona yafaa kuyasema mbele ya makarani kwa sababu hii: huku kwetu Bukoba na Muleba, jamaa akipatwa na jambo geni mwilini, mtu wa kwanza aulizwaye mara nyingi si mganga, bali ni yule wa ukoo aliye na mshahara na ajuaye kusoma. Jibu lake la siku ile laweza kuliokoa jicho au kulipoteza.

Kwanza yatupasa kulijua pango ambamo jicho limewekwa. Pango hilo limeungwa kwa mifupa 7, nalo lina umbo la faneli ya kumiminia mafuta ya taa: mdomo mpana uko mbele, na ncha nyembamba iko nyuma kuelekea ubongo. Nafasi yake yote ni kama vijiko 6 vya chai, na jicho lenyewe huchukua kama kijiko 1 na nusu. Palipobaki pamejaa mafuta, misuli iligeuzayo jicho, mishipa ya damu, na ule mshipa wa fahamu upelekao nuru ubongoni. Juu, chini na kando zote ni mfupa. Mlango ni mmoja tu, wa mbele. Basi kitu chochote kiongezekacho humo ndani, kiwe usaha, damu, uvimbe, au misuli iliyonenepa, hakina pa kwenda ila kulisukuma jicho nje na kuubana mshipa wa kuonea. Ndiyo sababu twasema kwamba jicho likitoka, mara nyingi ugonjwa haumo jichoni. Umo nyuma yake, na tone la dawa litiwalo mbele haliwezi kufika huko, wala maji ya majani, wala maji ya chai.

Tusichanganye ugonjwa huu na ule wa macho mekundu ulioenea nchini mwanzo wa mwaka 2024. Ule ulikuwa wa ngozi laini ya juu ya jicho, na watu wengi walipona wenyewe baada ya siku chache. Kutambua jicho lililotoka si kazi ngumu. Mketishe mgonjwa kitini, usimame nyuma yake, ainue uso kidogo, nawe utazame kutoka juu ya paji lake. Jicho lililotangulia mbele ya mwenzake utaliona mara moja. Kisha mbele yake peleka kidole kushoto na kulia, juu na chini, uone kama jicho lafuata au lakwama. Mwisho funika jicho lililo zima, umwulize idadi ya vidole, na umwonyeshe kitambaa chekundu. Akisema wekundu umefifia kuliko aonavyo kwa jicho lile jingine, mshipa wa kuonea umekwisha kubanwa, na saa zinahesabika.

Sababu iletayo maumivu makali na kuua upesi ni usaha. Ukuta wa pango ulio upande wa pua ni mwembamba kama karatasi, na ng'ambo yake ziko chemba za hewa za pua. Mtoto hushikwa na mafua, siku kadhaa zikapita, vijidudu vikajaa katika chemba zile, kisha vikapenya ukuta ule. Homa hupanda, kope la jicho moja huvimba na kuwa jekundu. Hapo mzazi na aangalie vizuri. Ikiwa jicho lililo chini ya kope latembea pande zote, laona, wala halikutokeza, uchafu u mbele ya pazia la jicho. Apelekwe hospitali hata hivyo, ila hatari ni ndogo zaidi. Lakini jicho likiwa limetokeza, likauma kila ligeuzwapo, kuona kukawa kwa ukungu, uchafu u nyuma, na njia ya kwenda ubongoni i wazi. Zamani, kabla ya dawa za kuua vijidudu, karibu mgonjwa 1 katika 5 alikufa, na baadhi ya waliopona walibaki vipofu. Siku hizi mgonjwa hulazwa, akapewa dawa kwa mshipa na si vidonge vya nyumbani, hupigwa picha ya CT mahali ilipo, na usaha uliojikusanya hutolewa kwa upasuaji. Dawa hizi ni za kawaida, na hospitali nyingi huwa nazo. Kinachopungua ni muda. Mtoto wa namna hii huenda hospitali siku ile ile, hata kama jua linatua, hata kama ni siku ya gulio.

Twaingia sasa katika jambo linalohusu ukanda wetu wa ziwa kuliko mahali pengi duniani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akaona mwingine Jinja, na mwaka 1958 akaandika habari za uvimbe huo wa watoto, ambao hushika taya, hulegeza meno, na mara nyingi hulisukuma jicho nje. (Burkitt mwenyewe alikuwa na jicho moja tu lionalo, kwa kuwa la pili aliumizwa akiwa mvulana.) Nasi makarani tutapenda kujua namna alivyofanya kazi. Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa waganga wa hospitali za Serikali na za misheni katika Afrika: Je, mmeuona uvimbe huu? Majibu akayatia katika ramani. Kisha mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe hupatikana penye joto na mvua, na katika nchi zilizo karibu na ikweta hautokei sana palipo juu ya futi 5,000 hivi. Ukingo wa ziwa letu uko chini ya kimo hicho. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wa London waliona kirusi katika chembe za uvimbe huo. Na baadaye ilijulikana kwamba kirusi hicho huingia karibu watu wote, ila mtoto ambaye malaria imemrudia mara nyingi hushindwa kukizuia.

Ugumu wa saratani hii ni mwendo wake, maana yaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2. Mtoto aliyekuwa na jino lililolegea Jumapili aweza kuwa na jicho lililotoka Jumapili ya pili. Tena mwanzoni huenda isiume, na mzazi akasema ya kuwa asiyelia haumwi. Lakini ajabu yake ni hii, kwamba kitu kikuacho upesi hivi pia hufa upesi kikipata dawa. Burkitt aliona wengine wakipona kwa sindano chache, na hata leo ni katika saratani zitibikazo vizuri, mtoto akiwahi na akimaliza dawa zote. Wengi hupotea katikati, uvimbe ukiisha kunywea na wazazi wakidhani kazi imekwisha.

Juu ya malaria, Mara ya Kaskazini watoto walipewa klorokwini miaka ya 1977 hadi 1982 ili kuona kama uvimbe huu utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla, basi jaribio halikutoa jibu la kukata. Muleba yetu nayo imeingia vitabuni. Vyandarua vyenye dawa ya kuvunja ukaidi wa mbu vilijaribiwa katika vijiji vyake, na habari zake zikachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018, kwamba watoto wa vijiji vile walipata malaria kidogo kuliko wenye vyandarua vya kawaida. Hatusemi chandarua ni dawa ya jicho. Twasema mwenye kukipigilia misumari kuzuia kuku bustanini afikiri mara ya pili.

Saratani ya pili ya watoto huanza ndani ya jicho lenyewe, kabla ya miaka 5. Dalili yake ya kwanza haiumi: mboni hung'aa nyeupe gizani kama jicho la paka, au jicho hupinda. Ikiwahiwa, macho mengine hutibiwa yakabaki. Ikichelewa kidogo, jicho hutolewa ili mtoto aishi. Ikichelewa sana, uvimbe hutoka nje, nao huwa umekwisha shika njia ya ubongoni. Tunajua kwamba neno la kutoa jicho huwafanya wazazi wambebe mtoto na kutoroka wodini usiku. Hatuwacheki, maana ni neno zito. Lakini mtoto mwenye jicho moja husoma, huoa, hulima kibanja cha baba yake na huandikwa kazini kama sisi. Ndugu zake wadogo nao wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingine hupita katika damu ya ukoo.

Kwa watu wazima sababu kubwa ni tezi ya shingo. Graves wa Ireland aliandika habari zake mwaka 1835, na Basedow wa Ujerumani mwaka 1840. Askari wa mwili hukosea adui, wakaichokoza tezi hata ikafanya kazi kupita kiasi, na pia wakashambulia misuli na mafuta ya nyuma ya jicho. Mgonjwa hula lakini hukonda. Moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, hasikii baridi. Kope la juu hupanda, weupe ukaonekana juu ya mboni, naye huonekana kama mtu aliyeshtuka. Macho hukwaruza kama yana mchanga, huuma, na huenda akaona kitu kimoja kuwa viwili. Rovu la ukosefu wa madini ya joto ni jambo jingine, halitoi macho. Kipimo cha damu huonyesha, na dawa kama kabimazoli hutuliza tezi. Jicho likibanwa sana hutiwa dawa kali za kupunguza uvimbe kwa mshipa, au mpasuaji huufungua ule ukuta mwembamba wa pua ili jicho lirudi nyuma. Sigara huuzidisha ugonjwa huu wa macho, na hapa tunawatazama baadhi ya wanachama walioketi karibu na dirisha.

Na hapa pana jambo la kutisha. Katika mikoa ya jirani, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama mojawapo ilikuwa wekundu wa macho, ambao mara nyingi ulitoka katika moshi wa jikoni. Mfikirieni basi bibi mwenye ugonjwa wa tezi. Amekonda, anatetemeka, halali usiku, na macho yamemtoka. Mtu ajuaye kwamba hiyo ni tezi, akalisema neno hilo kilabuni na msibani, amemfanyia kazi ambayo dawa haifanyi.

Yako mengine tutayapita upesi. Aliyeanguka kwa pikipiki, jicho likatoka na kuwa gumu kama jiwe, damu imejaa nyuma. Mganga hukata pembe ya kope kuliachia, na hilo halingoji zaidi ya saa 2. Tena iko saratani iotayo juu ya weupe wa jicho kama kinyama, iliyoongezeka pamoja na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kinyama kikuacho kionyeshwe kingali kidogo.

Wa Muleba wana hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage. Wa Bukoba wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Lishindalo huko hupelekwa Bugando, Mwanza. Na ndipo karatasi zinapoingia: barua ya rufaa, ruhusa ya mzazi kazini, kadi ya Bima ambayo haiwafikii ndugu wote wa ukoo. Tumepata kuona barua ya namna hii ikikaa siku 4 juu ya meza ya ofisi moja, ikingoja muhuri uliokuwa ndani ya saraka ya meza ile ile. Twaomba wanachama wakubaliane kwamba karatasi ya mgonjwa wa jicho lililotoka itatiwa mkono siku ifikapo.

Njiani, kama kope halifumbi, jicho lipakwe mafuta ya tetrasaiklini na lifunikwe bila kukandamizwa, lisikauke kioo chake. Na karani akiombwa kumwandikia mgonjwa, aandike haya: ni jicho la kuume au la kushoto, siku lilipoanza kutoka, kama ana homa, ahesabu vidole kwa hatua ngapi, dawa zote alizotiwa, hata za majani, bila aibu, na tarehe. Nakala ibaki, na karatasi yenyewe aishike mgonjwa mkononi mwake.