Tulichojifunza Kwenye Vyama vya Shule

Hotuba ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu cha maendeleo, Vingunguti

   

Mwenyekiti aliponipa nafasi hii alinionya: "Mhasibu, leo usitusomee hesabu, watu watasinzia." Nimemtii. Hesabu zimo kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, na kabla hatujaachana nitawaomba mzifungue. Kwa sasa naomba tukumbushane maisha ya shule ya zamani, hasa vile vyama vyetu vya wanafunzi, kwa sababu fedha tunazochanga leo zinakwenda huko huko.

Nianze na barabara iliyo ubavuni mwetu. Leo tunaiita Barabara ya Nyerere, lakini wazee mliopo hapa mliijua kama Barabara ya Pugu. Mwalimu Nyerere alirudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, akaenda kufundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko iliyokuwa ya Wakatoliki. Mwaka 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Katikati ya wiki alishika chaki, mwisho wa wiki alikuja mjini kwenye mikutano, mwendo wa kilomita kama 20, na mara nyingi kwa miguu. Mwaka 1955 ikabidi achague moja, ualimu au siasa, naye akaiacha kazi yenye mshahara.

Sasa, yule bwana hakuzaliwa anajua kuendesha mkutano. Alikuwa kiranja pale Tabora, alikosoma hadi mwaka 1942. Alipofika Makerere, yeye na wenzake wakaanzisha umoja wao wa wanafunzi wa kutoka Tanganyika. Kuandika barua, kuitisha kikao, kumsikiliza mtu usiyekubaliana naye: hayo yote aliyafanyia mazoezi akiwa mwanafunzi, mahali ambapo ukikosea hakuna nchi inayoumia.

Wala sisemi vyama vya wanafunzi havikukosea. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hapa Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo lile la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza mamia yao warudi makwao. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi kama mhasibu jambo hilo nalipenda. Kabla hujamtaka mwenzako atoe, onyesha wewe umetoa nini.

Baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ikawa na shamba au mradi wake. Kaka na dada zetu waliosoma miaka ile wanayakumbuka majembe, mabanda ya kuku na maduka ya shule. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za mashirika ya dini, Pugu ikiwemo, zikawa za Serikali. Kijana wa Vingunguti akaweza kujikuta bweni moja na Msukuma, Mmakonde na Mhaya, wote wakigombea ndoo moja ya maji.

Mimi nilisoma kidato cha tano na sita mwishoni mwa miaka ya 1990, shule ya bweni huko bara. Jina lake halina umuhimu leo. Kengele alfajiri, mchakamchaka, usafi, paredi. Ugali na maharage, kesho maharage na ugali. Jioni kila mtu na chama chake. Wakristo walikuwa na UKWATA na TYCS, Waislamu na umoja wao, kulikuwa na skauti, na klabu ya Malihai. Waliojaliwa miguu walisubiri UMISSETA. Sisi tusiojaliwa miguu tulikuwa na mdomo, tukajiunga na klabu ya mdahalo.

Klabu ile ndiyo iliyonichagua mweka hazina. Ada ilikuwa shilingi mia mbili kwa muhula. Tulikuwa tunaweka fedha kwa safari ya kwenda kushindana na shule ya jirani, na mchango wetu ulikuwa mafuta ya lori. Mimi nilikuwa na daftari, na kopo la maziwa lililokuwa ndani ya tranka langu.

Wiki tatu kabla ya safari, mwenzetu mmoja wa bweni alipata taarifa kwamba baba yake amefariki. Hakuwa na nauli. Alinijia usiku, baada ya taa kuzimwa. Nilifungua tranka nikampa shilingi elfu sita. Sikumwambia mtu, wala sikuandika popote. Nilijiambia atarudisha.

Hakurudi shuleni muhula ule. Safari ikakaribia, mwalimu mlezi akaniuliza mara moja tu: "Kopo liko wapi?" Nikasema lipo. Akaniuliza tena mbele ya wanachama wote, tukahesabu, tukakuta zimepungua elfu sita. Ndugu zangu, nimekaguliwa na wakaguzi wengi tangu siku ile, lakini sijawahi kutetemeka vile. Nilieleza. Nilidhani wangenisifu kwa huruma yangu, au wangenipiga. Hawakufanya hata kimoja. Akasimama dada mmoja wa kidato cha tano, mpole kabisa, akasema: "Kaka, ungetuambia tungechanga. Sasa umetunyima safari, na umetunyima thawabu ya kumsaidia mwenzetu."

Safari haikuwepo. Uongozi nikavuliwa, kwa kura. Nilizilipa zile fedha kwa muhula mzima, na kila nilipotoa shilingi mia tano yule mweka hazina mpya aliniandikia risiti kwa mkono wake. Huo ndio uhasibu wangu wa kwanza. Chuo kikuu nilikwenda kuongezea tu.

Kwa nini nawasimulia aibu yangu mbele ya wageni? Kwa sababu miaka miwili iliyopita chama chetu hiki kilichangisha, halafu taarifa ya fedha ikachelewa kusomwa. Hakuna aliyekula. Lakini kimya nacho ni hasara, na mwaka uliofuata wengi wenu hamkurudi. Mlikuwa na haki. Ndiyo maana leo kijitabu chenu kina mapato na matumizi yote hadi nauli ya bodaboda. Palipo na kosa, niulizeni hadharani.

Sasa nije kwa watoto wetu. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimeenea, na mtoto wa Vingunguti hahitaji tena kupanda treni kwenda bara kutafuta sekondari. Hilo ni jema kubwa. Lakini shule ya kutwa haina jioni. Kengele ya mwisho ikilia, mtoto anakimbilia kituoni kugombana na konda anayepiga kelele "Denti wawili tu!" Akifika nyumbani, chumba kimoja na wadogo zake wanne, na redio ya jirani. Mdahalo afanye saa ngapi? Uongozi aufanyie mazoezi wapi?

Tunachoomba leo ni kitu kidogo kinachoeleweka. Siku mbili kwa wiki, katika shule zetu za kata, watoto wabaki saa moja na nusu na vyama vyao: mdahalo, kusoma vitabu, hesabu, michezo. Fedha zenu zitanunua vitabu, zitampa mwalimu mlezi nauli na chai, na zitawapa watoto kianzio kidogo cha mfuko wao. Nasema mfuko wao. Watamchagua mweka hazina wao, na watamwomba hesabu. Akikosea, akosee akiwa na miaka kumi na sita, kwa shilingi elfu sita, mbele ya wenzake wanaompenda. Asije akakosea akiwa na miaka arobaini, kwa fedha za hospitali.

Mwalimu alitangaza la kwake kwanza, nami nifuate. Natoa shilingi laki tatu taslimu, na karani yuko pale mezani ananiandikia risiti. Atakayetoa elfu mbili ataandikiwa risiti ile ile. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu safari hii hakina kifuniko: kila mtu achungulie.

Naomba sasa mfungue kile kijitabu.