KIINGEREZA KIFUNGULIWE KAMA FUNDO, KISIKARIRIWE KAMA SALA

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosemwa Nyasura, Bunda, mbele ya walimu wa madarasa ya watu wazima.



Nimetakiwa niseme juu ya kufundisha Kiingereza katika madarasa ya watu wazima. Wako watakaouliza, "Kiingereza tena? Si tunayo lugha yetu?" Swali hilo ni la haki. Lugha yetu tunayo. Tangu mwaka 1967 ndiyo inayofundishiwa katika shule za msingi za serikali, na mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini sheria kubadilika ni jambo moja, na karatasi kubadilika ni jambo jingine. Maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kunyunyizia pamba, masharti ya mkopo, mikataba ya zamani, daftari la mtoto wa sekondari: vingi katika hivyo bado ni Kiingereza. Mtu anayesoma Kiswahili barabara akiwekewa karatasi ya namna hiyo anarudi kuwa asiyejua kusoma, na yampasa atafute wa kumsomea. Na mara nyingi anayemsomea ni yule yule anayeitaka sahihi yake. Hilo ndilo lililonileta hapa, wala si kutaka watu wajione wazungu.

Sisi watu wa kanda ya Ziwa si wageni katika kazi ya kisomo. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, makao yake Mwanza, ukaenea mikoa iliyozunguka Ziwa, Mara ikiwamo. Watu walijifunza kusoma huku wakijifunza kilimo cha pamba, uvuvi na mambo ya nyumbani. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hivi hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 hesabu ya serikali ilionyesha wamebaki 10 hivi. Ilikuwa kazi ya wananchi wenyewe, wengi wakifundisha wenzao chini ya miti.

Lakini tusisahau kwamba lugha yenyewe ilitusaidia. Ba, be, bi, bo, bu. Mzee akishazishika silabi hizo anasoma neno lolote la Kiswahili, hata asilolijua maana. Huko Brazil, Paulo Freire alifanya vivyo hivyo na vibarua: alichukua neno la kazi yao, "tijolo", maana yake tofali, akalikata ti-jo-lo, na kutoka hapo wakajenga maneno mengine wenyewe. Kireno kinakubali kukatwa hivyo. Kiswahili ndiyo kabisa. Basi mwalimu hukichukua chombo kile kile akaenda nacho kwenye Kiingereza, na kinavunjikia mkononi.

Kwa nini? Kiingereza kina herufi tano za irabu, lakini sauti zake za irabu hukaribia 20. Mwambie mwanafunzi asome "but", halafu "put". Herufi ya katikati ni moja, sauti ni mbili. William Caxton alianza kupiga chapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na tangu hapo namna ya kuandika ilizidi kuganda, huku vinywa vya watu vikiendelea kubadilika. Kwa hiyo wanaandika maneno kama babu zao na kuyatamka kama wajukuu. Mweleze mwanafunzi hivyo tangu siku ya kwanza, asije akadhani kichwa chake ndicho kibovu. Na katika darasa la Mara jambo hili lina mfano wa karibu. Kijita kina irabu tano kama Kiswahili. Kikurya na Kizanaki vina saba. Mkurya anayejaribu kuandika lugha yake kwa herufi tano anajua tayari kwamba herufi zaweza kupungukiwa na sauti. Ama habari ya r na l, nadhani kila mtu hapa anajua tofauti ya kupiga kura na kupiga kula, hata kama ulimi haujui. Mwalimu na awe na subira hapo. Karatasi haina matamshi.

Tena herufi zinazoitwa bubu si zote za kulaaniwa. "Sign" ina g isiyosikika. Iandike ubaoni chini yake "signature", na g inasikika. Ni ukoo mmoja: kutia sahihi, na sahihi yenyewe. Sisi tunafanya hivyo hivyo na soma, somo, msomaji, kisomo. Mzee anayejua kuona "som" ndani ya maneno hayo manne atakubali upesi kuitafuta "sign" ndani ya ndugu zake.

Sasa nije kwenye muundo wa sentensi, ambako ndiko kwenye shida hasa. Chukua neno moja la mkulima: hawatatulipa. Ndani ya neno hilo mna kukanusha, mna "wao", mna wakati ujao, mna "sisi", mna kulipa. Mwingereza huyasema hayo kwa maneno matano, kila moja limesimama peke yake: "They will not pay us." Angalieni mpangilio. Sisi tunaanza na kukanusha. Yeye anaanza na mtendaji. Sisi tunamweka anayetendewa kabla ya kitendo. Yeye anamweka mwishoni. Ukigeuza, "We will not pay them", maneno ni ya jamii ile ile lakini aliyedhulumiwa amekuwa mdhulumu! Katika Kiswahili viambishi ndivyo vinavyotuambia nani amemtenda nani. Katika Kiingereza ni mahali neno liliposimama. Ndiyo maana orodha ya maneno 20 ya kukariri kila Jumatatu haimfikishi mtu mzima popote. Atakuwa na matofali bila ramani ya nyumba. Afadhali wiki nzima muifungue sentensi moja: nani? anafanya nini? lini? kwa nani?

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya "Julius Caesar" mwaka 1963, akiwa Rais. Simtaji kwa sifa tu. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kuokota maneno ya kamusi moja moja; ni lazima kwanza uifungue sentensi ya Kiingereza, ujue nani anamwambia nani nini, ndipo uifunge tena kwa Kiswahili. Kazi hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, ndiyo ya mkulima mwenye karatasi ya masharti.

Na katika karatasi hiyo yatazameni maneno madogo. Natunga mfano: "The company may pay an advance." Kamusi itasema "may" ni kuweza, na mkulima atafurahi: kampuni inaweza kulipa malipo ya awali, yaani uwezo inao. La! Maana yake ni kwamba ikipenda italipa, isipopenda hakuna deni. Lingeandikwa "shall", hapo kampuni imejifunga. Herufi chache tu, lakini ndizo ada ya shule ya mtoto. Au "unless": "The company shall not pay unless the cotton is dry." Asiyelijua neno hilo ataishia kwenye "shall not pay" akate tamaa, ilhali sharti ni pamba iwe kavu. Kadhalika "the". Hatuna neno hilo, lakini maana yake tunayo. Nimenunua kitabu, nimekinunua kitabu. Hiyo "ki" inaonyesha kitabu tulichokwisha kukitaja. Anzeni hapo, na "the" haitakuwa mzungu tena.

Liko moja ambalo vitabu vingi vinalipita, nami naliona la hatari kuliko yote. Sisi tukiulizwa, "Hujalipwa?" tunajibu, "Ndiyo," maana yake ni kweli, sijalipwa. Tunaliitikia swali. Mwingereza haitikii swali, anaitikia jambo lenyewe. Basi mzee akiulizwa kwa Kiingereza, "Have you not been paid?" akajibu "Yes" kwa moyo mweupe, karani ataandika kwamba amekwisha kulipwa. Haki yake imepotea kwa neno moja, na hakuna aliyesema uongo. Wafundisheni wanafunzi wenu wasijibu kamwe kwa "yes" au "no" peke yake. Waseme sentensi nzima: "No, I have not been paid." Hata matamshi yakiwa ya Kijita, kumbukumbu itakuwa safi.

Naona wengine wanasema moyoni kwamba hayo ni ya Chuo Kikuu. Sivyo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walianza kuukagua mzani wa mnunuzi kwa sababu mzani ulikuwa unawaibia, na vyama vya ushirika vikakua kutokana na hasira hiyo. Mtu mzima hujifunza upesi kile kinachomgusa. Kwa hiyo msianze na "this is a pen". Kalamu haijamdhulumu mtu. Waambieni walete karatasi walizo nazo majumbani, kibandiko cha dawa, risiti, barua ya benki, na mfute jina la mwenyewe kabla ya kunakili ubaoni. Atakayekuwa bado hajui kusoma Kiswahili, msimwingize kwanza katika darasa hili. Atachanganyikiwa na silabi zote mbili.

Ndugu Mwenyekiti, nina karatasi moja ya masharti hapa, nimeileta makusudi. Naomba chaki, na mmoja wa wale kina mama walioketi nyuma aje atuonyeshe "may" ziko ngapi.